Nalongo Yupi?

Simu ya binti wa Sista Athieno ilinikuta jikoni, nikisubiri chai ichemke. Alisema, "Auntie, mama amepumzika," na chai ikamwagikia moto. Nilipozima jiko aliendelea kwa sauti ya mtu aliyejipa kazi nyingi ili asilie. Mazishi yangekuwa Petta, Jumamosi. Walikuwa wanaandika historia ya marehemu, ile inayosomwa kabla ya mahubiri, na walikuwa wamekwama mahali pamoja. "Tuandike alizalisha wangapi? Wewe ndiye ulikuwa mtu wake wa hesabu." Nikajibu kabla sijafikiri: "Watoto wangapi, au akina mama wangapi, au mara ngapi?" "Auntie, kwani si ni kitu kimoja?" Hapo ndipo machozi yaliponitoka. Mwaka niliofahamiana na mama yake, mimi pia niliamini ni kitu kimoja, na imani hiyo, ambayo ofisi nzima tulikuwa nayo, nusura imnyang'anye Sista nyumba yake.

Nilikuwa kijana, nimetoka chuoni Masaba na cheti cha kompyuta kilichokuwa bado kinanukia gundi ya picha. Ofisi yetu mjini Tororo, mashariki mwa Uganda, ilikuwa chumba na nusu nyuma ya duka la mabati. Kila lori lilipopita kuelekea mpakani dirisha lilitetemeka, na vumbi la saruji likashuka juu ya kibodi, hata nikazoea kuanza siku kwa kuipuliza kama mtu anayewasha mkaa. Shirika letu, ambalo leo halipo tena, lilikuwa na nyumba moja kijijini Petta, nyumba ya kusubiria. Mwanamke aliyekaribia siku zake na anayeishi mbali na barabara, au ambaye tumbo lake lilimtia mkunga wasiwasi, alikuja kukaa pale hadi uchungu umshike. Wenye mimba za pacha walitumwa pale kutoka kila upande, kwa hiyo ndani ya nyumba ile pacha hawakuwa kioja. Mkunga alikuwa Sista Athieno, mwanamke mrefu ambaye kicheko chake kilifika mlangoni kabla yake. Siku ya kwanza aliponiuliza jina nikamwambia Nabwire, akapiga makofi. "Nabwire kwa Kisamia si ni mutu ya kuzaliwa usiku? Na sisi Athieno ni hiyo hiyo usiku. Basi wewe ni jina yangu!" Tangu hapo hakuniita vinginevyo. "Jina yangu, umekula?" "Jina yangu, hiyo mashine yako inasema nini leo?"

Aliyenifundisha kazi alikuwa Bwana Barasa, Mkenya aliyevuka mpaka kila asubuhi kutoka Busia ya kwao, na chapati zake zikiwa zimefungwa kwa gazeti. Sijawahi kukutana na mtu mwenye subira kama yake. Chati yangu ya kwanza ilikuwa duara lililogawanywa kwa rangi, kuonyesha sababu zilizowaleta akina mama Petta: wengine umbali, wengine pacha, wengine damu kupanda, wengine uzazi uliopita ulikuwa mgumu. Nilizipenda rangi zake. Barasa aliitazama, akafungua gazeti, akaweka chapati moja juu ya meza. "Nabwire, hii ni chapati ngapi?" Moja. "Poa. Sasa nikatie chapati moja na robo kutoka hapa." Nikacheka, nikamwambia haiwezekani. "Na wewe umefanya hivyo," akasema, na kunionyesha kwamba asilimia zangu zikijumlishwa zinapita mia. Mama anayeishi mbali na pia ana pacha nilikuwa nimempa vipande viwili. Akanieleza taratibu, huku akila ushahidi. Duara humwambia mtazamaji kwamba hivi ni vipande vya kitu kimoja na kila punje iko katika kipande kimoja tu. Kama mtu mmoja anaweza kuwa mahali pawili, acha chapati, simamisha nguzo. Pima kila nguzo peke yake dhidi ya akina mama wote, kisha andika chini yake kwamba mama mmoja anaweza kuhesabiwa katika nguzo zaidi ya moja. Nimefundisha vijana wengi tangu wakati huo, na bado naanza na chapati.

Somo la pili lilitoka kwa Sista bila yeye kukusudia. Alikuwa na mazoea ya kuuliza, kila aliposikia mtoto akilia, awe sokoni au kanisani: "Mama yake nani?" Hakuuliza kwa ukali, alikuwa anataka tu mtoto arudi kwenye ziwa linalomhusu. Alipokuja ofisini akaona karatasi imeandikwa asilimia kubwa kwa wino mzito na hakuna kitu kingine, akaigusa kwa kidole: "Na hii, mama yake nani?" Barasa alifurahi mpaka akasimama. Alisema hilo ndilo swali ambalo walimu wake walilizungushia maneno marefu. Asilimia ni mtoto. Lazima ijulikane imetoka kwa nani: asilimia ya akina mama wote, au ya waliofika mara ya kwanza, au ya mahudhurio? Kuanzia siku hiyo hatukutoa chati yoyote ofisini bila kuuliza mama yake nani, na tulidhani swali hilo linatosha.

Wafadhili walitaka kujua jambo moja: katika akina mama waliosubiria Petta, ni wangapi hurudi kupimwa baada ya kujifungua? Wakirudi robo tatu yao au zaidi, nyumba ingeendelea. Wakipungua, nyumba ingefungwa na Sista apelekwe kwingine. Sista hakuona sababu ya wasiwasi. "Mimi nawaona. Wanarudi. Wengine wanarudi hata kama hawana ugonjwa, wanakuja tu kupiga maneno." Jaribio letu la kwanza lilitoa jibu la kuchekesha: waliorudi walizidi waliokuja. Tulikuwa tumegawanya mahudhurio kwa akina mama, na mama aliyerudi mara tatu alikuwa amehesabiwa kama wanawake watatu. Siku hiyo tulikula mchana pamoja, sote watatu, kwenye benchi la mama mmoja anayeuza chakula nyuma ya stendi, ugali wa wimbi na samaki wadogo. "Hii omena ni tamu," akasema Barasa. "Omena ni nini? Hii ni mukene," akasema Sista. "Sista, hii imetoka ziwa lile lile." "Basi ilipovuka mpaka ikabatizwa. Wewe Mukenya, ukija kula kwetu, kula mukene." Nikasema kwamba kompyuta yangu ingewaandika samaki wawili tofauti, wakacheka, nami nikaona nimesema mzaha mzuri, kumbe nilikuwa nimetaja shida yetu bila kuiona.

Tulirekebisha. Niliiambia kompyuta ihesabu kila jina mara moja tu, hata likitokea mara kumi. Ndivyo watu wanavyofanya duniani kote wanapotaka idadi ya watu badala ya idadi ya safari zao. Jibu likawa nusu na ushei. Jibu la kwanza lilikuwa la kipuuzi na upuuzi wake ulitulinda, maana hakuna mtu angeliamini. Hili la pili lilikuwa na adabu zote. Lilikaa chini ya mia, lilifanana na majibu ya vituo vingine, na fomula ilikuwa sahihi. Barasa aliipitia mara kadhaa, hakuona kosa. Sista alipoletewa karatasi hakucheka. Aliikunja, akaitia kwenye mfuko wa sare yake, akaniuliza, "Jina yangu, sasa mimi nikuwe nadanganya, ama mashine?" Nilimheshimu, na niliiheshimu fomula, na nyumba ya Petta ilikuwa imekaa katikati yetu.

Nilikuwa nimepanga chumba Rubongi, karibu na kambi ya jeshi, kwa mwanamke aliyekuwa na duka dogo la sabuni na sukari. Kwao alikoolewa ni Petta, na wasichana wake pacha, Apio na Adongo, majina ambayo huko hupewa pacha wa kike wa kwanza na wa pili, walikuwa wamezaliwa mikononi mwa Sista mwaka uliotangulia. Walikuwa ndio kwanza wanajifunza kusimama. Mmoja akishika mguu wa meza, mwingine anamshika mwenzake, wote chini. Jioni hiyo nilikuwa nimekaa kwenye mkeka nikimenya karanga na kuwaza karatasi iliyokunjwa, wakati askari mgeni, mtu wa kutoka magharibi, alipofika dirishani pa duka. "Nyadoi! Nipe sabuni." Mwenye nyumba hakugeuka. "Nyadoi, husikii?" Akaendelea kukoroga kunde zake. Jirani aliyekuwa akisuka mkeka akamwambia yule askari, "Afande, utangoja hadi kesho. Nyadoi hakuna hapa." Askari akashangaa: "Si ndiye yule? Si ndilo jina lake?" Ndipo mwenye nyumba akageuka, mwiko mkononi. "Nyadoi alienda siku nilizaa pacha. Hapa iko Nalongo. Kama kwenu mama ya pacha anaitwa kama mutoto ya shule, kwetu hapana." Askari akaondoa kofia. "Samahani, Nalongo. Sabuni, Nalongo." Akapewa, na njiti moja ya kiberiti juu yake kama zawadi ya kutubu, jirani akacheka hadi akapoteza hesabu ya nyuzi zake. Kisha mwenye nyumba akaniambia mimi, kama anayemalizia kichekesho: "Hata Sista mwenyewe, nilirudi kupimwa, karani akaanza kuandika Nyadoi. Sista akamwambia, futa hiyo, unataka laana? Andika Nalongo."

Karanga zilinidondoka. Nikamuuliza, "Na wengine wenye pacha waliandikwaje?" Akanitazama kama mtu aliyeulizwa maji hunywewaje. "Nalongo. Wote ni Nalongo. Unataka waitwe nani?"

Nisindikize hapa polepole, msomaji, maana ndipo kiini cha hadithi hii kilipo. Chukua wanawake kumi waliokuja Petta na mimba. Wote wanaandikwa kwa majina yao, na kompyuta inaona wanawake kumi. Wanajifungua, na wanne kati yao wanapata pacha. Wote kumi wanarudi kupimwa, hakuna hata mmoja aliyebaki nyumbani. Sita wanaandikwa kwa majina yao ya awali. Wanne wanaandikwa Nalongo, Nalongo, Nalongo, Nalongo, kwa sababu hakuna karani wa kwetu mwenye ujasiri wa kuwaandika vingine. Kompyuta imeambiwa ihesabu kila jina mara moja. Kwa hiyo inaona majina sita, na Nalongo mmoja. Saba kati ya kumi. Watatu wamepotea ndani ya heshima. Fomula haikukosea hata kidogo, na karani hakukosea, na Sista hakudanganya. Na katika nyumba ambayo pacha hutumwa kutoka kila upande, akina Nalongo hawakuwa wachache.

Barasa alipofika asubuhi nilimsimulia kabla hajafungua gazeti la chapati. Alikaa. Baadaye akasema, "Kwa hivyo Nyadoi na Nalongo ni omena na mukene, samaki mmoja majina mawili. Na hao Nalongo wote ni samaki wengi jina moja." Akanitazama. "Na wewe na Sista, Nabwire na Athieno?" Nikafikiri. "Maana moja, majina mawili, watu wawili." "Na mashine ingewahesabu?" "Wawili." "Imebahatisha," akasema, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo tukacheka. Alinifundisha siku ile kwamba kabla hujahesabu walio tofauti, lazima ukubaliane na watu wako ni kitu gani kinachomfanya mmoja asiwe mwingine. Jina halitoshi. Kwetu jina huzaliwa, huolewa, huvuka mpaka, na siku ya pacha hubadilika kabisa.

Dawa ilijulikana, namba ya kadi, ambayo mama angepewa siku ya kwanza na asiibadilishe. Sista aliikataa papo hapo. "Wafungwa ndio wanapewa namba. Mimi siwezi kusimama mlangoni naita mama ya watu namba kumi na moja." Barasa hakubishana. Alimuuliza kama chupa zake za dawa zina namba. Zina. Je, huziita kwa namba? "Hapana, naita kwa jina." "Basi, Sista. Namba ikae kwenye kadi, mashine iisome. Wewe mlangoni ita Nalongo, tena uite kwa nguvu." Sista alitafakari, akaniuliza mimi, "Jina yangu, hiyo namba itanyamaza?" Nikamwambia itanyamaza. Akakubali.

Lakini namba ingesaidia wanaokuja, si waliokwisha kuja, na wageni kutoka kwa wafadhili walikuwa njiani. Kwa hiyo nilikwenda kukaa Petta. Chumba cha Sista kilinukia sabuni ya dawa na ndizi zilizoiva kupita kiasi, na nje akina mama waliosubiri walikaa wamenyoosha miguu wakichambua mboga na kuteta waume zao. Nilisoma kila Nalongo wa daftarini kwa sauti, tarehe na uzito wa watoto, na Sista alifumba macho. "Nalongo yupi huyo? Wavulana? Mmoja alitoka miguu mbele? Huyo ni Awor wa kule mtoni." Nyingine: "Subiri, huyo mume wake alileta kuku akataka kumlaza kitandani kwangu." Wale wa nje walisikia, wakaanza kusaidia kupitia dirishani. "Sista, huyo wa wavulana si wa mtoni, wa mtoni alizaa wasichana, Apio akatoka amekufa, ni yule wa karibu na kanisa." Palepale kicheko kilizimika, mtu akasema "pole yake", kisha kazi ikaendelea. Nimefanya kazi katika ofisi zenye mashine baridi na viti vya kuzunguka, na sijaona data ikisafishwa kwa uangalifu kama ule.

Wachache hatukuwapata. Sista aliwageuza kichwani, akakosa. Akataka niwaweke upande wa waliorudi. "Walirudi, jina yangu. Nalongo hawezi kujiandika peke yake." Nami nilitaka. Robo tatu ilikuwa karibu mno, na kwa akina mama hao tungeipita bila shaka. Barasa, aliyekuwa amekuja kuchukua majina, ndiye aliyesema hapana, kwa upole uliomuumiza hata yeye. Tunajua walirudi, akasema, lakini hatujui ni nani, na huenda baadhi yao tumeshawahesabu kwa majina mengine. Nguzo ya waliorudi iwe ya tunaowajua. Hawa tuwasimamishie nguzo yao, ya kijivu, na tuandike chini yake kwamba hawajatambulika. "Na kama hiyo kijivu ikafunga nyumba yangu?" akauliza Sista. Barasa akatazama chini. "Basi itakuwa imefungwa kwa ukweli, Sista. Sitaki ifunguliwe kwa kitu ambacho mtu anaweza kuja kukifunua kesho." Jioni hiyo Barasa alipoondoka, Sista hakumuaga.

Siku ya wageni, mama mmoja wa wafadhili, mwenye miwani, alisimama mbele ya chati yetu. Waliorudi tuliowajua walikuwa hawajafika robo tatu, walikuwa karibu tu. Aliweka kidole juu ya kijivu. "Hawa ni nani?" Nikafungua mdomo kueleza, Sista akanitangulia. "Hao ni akina Nalongo ambao bado sijakumbuka." Mgeni akaomba aelezwe, na tukamweleza yote: heshima, karani, kompyuta, kadi. Aliuliza maswali ya mtu anayetaka kujua. Mwisho akasema kwamba katika vituo vyote alivyotembelea, hakuna aliyemwonyesha asichokijua, na kwamba angependa kuona nguzo ile itakuwaje baada ya mwaka mmoja wa kadi. Hiyo haikuwa ahadi ya milele. Ilikuwa mwaka mmoja. Sista alimshika Barasa mkono mbele ya watu wote, akamwambia, "Wewe Mukenya, leo utakula mukene," na mwaka uliofuata ile kijivu ilikuwa imeyeyuka, na nyumba ikaendelea hadi serikali ilipoichukua na kuijengea ukuta.

Jumamosi nilikwenda Petta. Nilikuwa nimempa binti yake nilichokijua: uzazi, akina mama, na watoto, kila kimoja kwa mstari wake, na mahali nisipokuwa na hakika niliandika kwamba sina. Lakini mshereheshaji, kijana mwenye kipaza sauti na haraka, aliona kusoma ni kuchelewesha. "Wote waliopokelewa duniani na mikono ya Sista, simameni tuwaone!" Chini ya mahema wakasimama vijana, watu wazima, mapadri wawili, pacha wengi wamepangana bega kwa bega. "Kaeni. Sasa akina mama waliojifungulia kwake!" Wakasimama wengine, wengi wao wakijishika magoti. Na kati yao akasimama tena Adongo wa Rubongi, yule aliyekuwa akianguka na mwenzake chini ya meza, safari hii akiwa na mtoto wake mgongoni. "Wewe dada," akasema mshereheshaji, "ulishasimama. Usituharibie hesabu!" Watu wakacheka. Adongo hakukaa. "Kwanza nilisimama mtoto. Sasa nasimama mama." Kijana akanigeukia mimi. "Na madam wa hesabu anasemaje?" Nikasema kwa nguvu niliyokuwa nayo: "Mwache asimame. Ameulizwa maswali mawili."

Kelele zile zikamwamsha mtoto, akaanza kulia. Kutoka safu ya mbele, Nalongo wa Rubongi, mwenye nyumba wangu wa zamani, ambaye sasa macho yake hayaoni mbali, akainua kichwa na kuuliza kama marehemu alivyokuwa akiuliza, kwa sauti ya Sista kabisa: "Huyo analia, mama yake nani?"

"Ni mimi," akasema Adongo.